Aiskrimu ya Matabaka Matatu: Somo la Jikoni na la Maabara



Mhariri ametuomba sisi wanachama wa Chama cha Sayansi Kimu tuandike somo moja ambalo mwanafunzi aweza kulifanya kwa mikono yake wakati wa likizo, kisha akalieleza kwa kalamu atakaporudi shuleni. Tumechagua aiskrimu ya matabaka matatu: nyekundu ya choya, nyeupe ya maziwa na iliki, na ya manjano ya embe. Yote hugandishwa katika kopo moja, hupinduliwa juu ya sahani, na hukatwa vipande kama mkate. Kazi ikifanywa vizuri, kila kipande huonyesha rangi zote tatu, wala hapana rangi iliyoingia katika mwenzake.

Huenda wako watakaosema kwamba kitu cha kulamba si kitu cha kusomea. Hao twawaomba wasome mpaka mwisho. Katika kopo hili moja mna fizikia ya joto, mna kemia ya chumvi na asidi, mna hesabu ya uwiano na ya ujazo, na mna elimu ya siha. Tena maziwa na mayai ni vyakula ambavyo vikitumiwa bila maarifa huleta maradhi, na watu wengi hudhani kwamba baridi huua vijidudu. Haviui. Kwa hiyo somo hili lina faida hata kwa mtu asiyependa vitu vitamu.

ASILI YAKE

Neno letu "barafu" limetoka katika lugha ya Kiajemi, na huko huko ndiko lilikotoka neno "kulfi", jina la malai ya kugandishwa ambayo Wahindi huitengeneza kwa maziwa yaliyochemshwa mpaka yakapungua. Katika kitabu cha Ain-i-Akbari, kilichoandikwa na Abul Fazl katika karne ya 16 zama za Mfalme Akbar, imeelezwa jinsi maji yalivyopozwa kwa shura. Huko Napoli katika Italia, Antonio Latini aliandika mapishi ya vitu vya kugandishwa miaka ya mwisho ya karne ya 17. Wajerumani nao wana aiskrimu ya matabaka matatu iitwayo kwa jina la Pückler. Mpishi Louis Ferdinand Jungius aliiandika mwaka 1839.

Zamani hizo barafu ilikuwa mali ya wakubwa, maana ilitoka milimani au katika maziwa ya nchi za baridi. Mwaka 1833 meli moja ilitoka Boston, Marekani, ikafika Calcutta, Bara Hindi, baada ya miezi minne baharini, nayo imebeba barafu iliyokatwa ziwani. Mwaka 1843 mwanamke wa Marekani aitwaye Nancy Johnson alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake wa ndoo ya kutengenezea aiskrimu kwa kuzungusha mkono. Ndoo, barafu na chumvi: tangu hapo watu wa nyumba za kawaida nao waliweza kula walichokula wafalme. Njia tutakayoifuata sisi ni ndugu ya ile ya Nancy Johnson, ila haina mkono wa kuzungusha.

KARATASI YA BIBI NA KIKOMBE KILICHOPOTEA

Mimi mwandishi nimepewa kazi hii kwa sababu nyumbani kwetu tunayo karatasi ya Bibi mmoja wa Tanga, rafiki wa siku nyingi wa nyumba yetu. Si ndugu wa damu, lakini watoto wote wa kwetu humwamkia shikamoo na kumwita Bibi, na hapana harusi wala Idi ya nyumba yetu iliyopita bila kopo lake la aiskrimu. Sasa macho yake yamepungua nguvu, hawezi tena kusimama jikoni saa nyingi, na hakuzaa binti wa kumrithi kazi hii. Aliitoa karatasi yake ili mtu aijue kabla haijapotea. Imeandikwa hivi:

"Choya konzi moja, maji yake yakishachujwa kikombe na robo, sukari theluthi ya kikombe.
Maziwa vikombe vitatu, yachemke yabaki viwili. Sukari theluthi ya kikombe. Viini viwili vya mayai. Iliki punje nane.
Embe lililopondwa na kuchujwa kikombe na robo, maziwa mazito robo ya kikombe, sukari vijiko vitatu, ndimu kidogo.
Kopo lisijae. Acha vidole viwili."

Taabu ni moja. Kikombe anachokitaja ni kikombe chake cha buluu alichokuja nacho alipoolewa, nacho kilipotea zamani alipohama nyumba. Je, kilikuwa kikubwa au kidogo? Alipoulizwa alijibu, "Kikombe ni kikombe, mjukuu wangu. Kopo ndilo hakimu."

Mtu aweza kusema haidhuru, maana mapishi ni uwiano: maziwa vikombe vitatu kwa sukari theluthi ya kikombe ni sawa na tisa kwa moja, kikombe kiwe kikubwa au kidogo. Hayo ni kweli kwa vitu vyote vilivyopimwa kwa kikombe. Lakini tazama tena karatasi. Viini vya mayai havikupimwa kwa kikombe, wala konzi ya choya, wala punje za iliki. Kikombe kikiwa kikubwa kupita cha Bibi, viini viwili havitatosha kuyashika maziwa. Kikiwa kidogo, aiskrimu itanuka yai. Kwa hiyo yatupasa kukijua kikombe chenyewe.

Hapo ndipo neno la Bibi linapokuwa hesabu. Kopo lake bado lipo. Kipenyo chake ni sentimita 11, na kimo chake sentimita 16 na nusu. Vidole viwili ni kama sentimita 3, basi chakula hufika kimo cha sentimita 13 na nusu. Eneo la kitako ni 22/7 × 5.5 × 5.5, yaani sentimita za eneo 95. Tukizidisha kwa 13.5 twapata sentimita za ujazo 1,283.

Sasa tujumlishe vitu vya karatasi: choya kikombe 1¼; maziwa yaliyopungua 2; embe 1¼; maziwa mazito ¼. Jumla 4¾. Sukari ikiyeyuka haichukui nafasi yake yote, huchukua kama nusu tu, hivyo sukari yote pamoja na viini huongeza kikombe nusu na zaidi kidogo. Jumla yote ni kama vikombe 5⅓. Tukigawanya 1,283 kwa 5⅓ twapata 240. Basi kikombe cha buluu kilikuwa cha mililita 240, pungufu kidogo ya robo lita. Kikombe kimepotea, lakini kipimo chake kimerudi.

Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Kipimo kilichojulikana na wote hakipotei mwenyewe akihama nyumba. Ndiyo faida ya lita na gramu.

VIPIMO VYETU

Kwa watu kumi hata kumi na wawili:

Tabaka jekundu: choya kavu gramu 15, maji ya kutosha kupata mililita 300 baada ya kuchuja, sukari gramu 65.

Tabaka jeupe: maziwa mililita 720, yachemshwe mpaka yabaki 480, sukari gramu 65, viini vya mayai 2, iliki punje 8 zilizotwangwa, chumvi chembe chache.

Tabaka la manjano: embe dodo lililoiva, lililopondwa na kuchujwa, mililita 300, maziwa mazito mililita 60, sukari vijiko 3 vya mezani, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai.

Vifaa: kopo safi la bati lenye kifuniko kinachobana, na makopo mawili madogo ya kupozea, ndoo kubwa, gunia la kuifunika, barafu kilo 6 iliyopondwa vipande kama vya kokoto, chumvi ya mawe kilo 2. Kopo lisiwe lililowahi kutiwa rangi, mafuta ya taa, au dawa ya wadudu, hata kama limeoshwa mara mia.

KWA NINI CHUMVI?

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza atauliza: barafu ni baridi tayari, chumvi ya nini? Jibu ni hili. Barafu inayoyeyuka peke yake hukaa kwenye digrii 0 za Sentigredi. Lakini mchanganyiko wetu una sukari, nao hauanzi kuganda mpaka ushuke chini ya 0. Ukizungushiwa barafu tupu utakuwa baridi sana, lakini utabaki maji.

Chumvi inapoiangukia barafu yenye unyevu hufanya maji ya chumvi, na maji ya chumvi hayagandi kwenye digrii 0. Basi barafu hulazimika kuyeyuka. Ili kilo moja ya barafu iyeyuke yahitaji joto la kilojuli 334, hilo tuliitalo joto fiche. Joto hilo litatoka wapi? Litatoka katika vitu vilivyo karibu: maji ya chumvi yenyewe, na kopo lililo katikati. Ndiyo maana ndoo huzidi kuwa baridi barafu inapoyeyuka, jambo ambalo mwanzoni huonekana kama mzaha. Sehemu tatu za barafu kwa moja ya chumvi, kwa uzito, huweza kushusha baridi hata karibu digrii 21 chini ya sufuri. Katika ndoo yetu haitafika huko, kwa kuwa joto la nje huingia, lakini itatosha.

Tuipime sukari kwa hesabu. Moli moja ya chembe katika kilo moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa digrii 1.86. Moli moja ya sukari ni gramu 342. Katika tabaka jekundu tumetia gramu 65, yaani moli 0.19, katika maji kama gramu 300. Hiyo ni sawa na moli 0.63 kwa kilo. Zidisha kwa 1.86: tabaka jekundu litaanza kuganda kwenye digrii 1.2 chini ya sufuri. Angalia neno "litaanza". Maji yakianza kuganda, sukari hubaki katika umajimaji uliosalia, nao huwa mtamu zaidi na mgumu zaidi kugandisha. Ndiyo sababu aiskrimu hukatika kwa kijiko hali barafu tupu huvunjwa kwa nyundo: ndani yake bado mna umajimaji mtamu kati ya fuwele. Anayepunguza sukari kwa kubana matumizi atapata jiwe, na anayeizidisha atapata uji usioganda.

Chumvi ina nguvu kuliko sukari kwa sababu mbili: moli yake ni gramu 58.5 tu, tena kila chembe yake ikiyeyuka majini hugawanyika mbili.

Jambo jingine la uchumi. Kupoza kilo ya maji kutoka digrii 30 mpaka 0 kwahitaji kuondoa kilojuli 126. Kuigandisha kwahitaji kuondoa 334 nyingine. Kazi kubwa ni kugandisha. Basi barafu ni ghali, itunzwe kwa kazi hiyo. Mchanganyiko uliotoka motoni uupoze kwanza katika beseni la maji ya bomba au ya kisima. Usilipe barafu kwa kazi ambayo maji yaweza kuifanya bure.

MATAYARISHO

1. Choya. Osha, chemsha kwa maji dakika kumi, chuja kwa kitambaa safi, pima mililita 300, tia sukari ingali moto, koroga, poza.

2. Maziwa. Tia katika sufuria pana, chemsha kwa moto wa kiasi huku ukikoroga mpaka yabaki 480. Mvuke ukitoka, mafuta na protini hubaki, na hivyo ndivyo vinavyozuia fuwele kukua. Tia sukari, iliki na chumvi. Epua.

3. Viini. Vipige katika bakuli, kisha vitilie maziwa ya moto kijiko kwa kijiko ukikoroga upesi. Ukimwaga maziwa yote kwa mara moja yai litaganda vipande. Rudisha yote katika sufuria, juu ya moto mdogo, koroga mpaka yaushike mgongo wa mwiko, kama digrii 80. Yasichemke. Chuja, poza.

4. Embe. Ponda, chuja nyuzi, changanya na maziwa mazito yaliyochemshwa na kupoa, sukari na ndimu.

KUPANGA MATABAKA

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tandika barafu chini ya ndoo, nyunyiza chumvi, simamisha kopo kubwa na makopo mawili madogo, kisha jaza pembeni barafu na chumvi kwa zamu. Barafu ipande juu kuliko chakula kilicho ndani, lakini isifike kifuniko. Tone moja la maji ya chumvi likiingia, kazi imeharibika. Kila ufunguapo, pangusa kifuniko kwanza.

Tia choya katika kopo kubwa, maziwa na embe katika madogo. Kila dakika 20 fungua, kwangua kilichoganda ubavuni ukilete katikati, koroga. Kuganda huanza ubavuni kwa kuwa huko ndiko joto litokako. Usipokoroga, fuwele chache hukua kubwa na ulimi huzihisi kama mchanga. Ukikoroga, huvunjika zikawa nyingi na ndogo.

Choya ikiwa nzito kama uji wa mgonjwa, isawazishe, iache itulie. Sasa subiri. Jaribu kwa mgongo wa kijiko safi. Kijiko kikitoka na maji, bado. Kijiko kikiacha alama lakini kikatoka kikavu, wakati umefika. Kisipoacha alama hata kidogo, na juu pamefanya vumbi jeupe la barafu, umechelewa. Uso ulioganda mno haushikamani na tabaka lijalo; ukipindua kopo na kukata, matabaka yatateleza kila moja upande wake kama sahani zilizopangwa.

Maziwa nayo yawe yameanza kuwa mazito ndipo yateremshwe juu ya choya, kijiko kwa kijiko, toka pembeni kwenda katikati. Yasimwagwe. Hapo ndipo kemia inapongojea kumwadhibu mwenye haraka. Choya ina asidi, na maziwa yakikutana na asidi hukatika. Tabaka jekundu likiwa bado maji, utaona madoa ya maziwa yaliyokatika, na wekundu utaelekea zambarau, kwa kuwa rangi ya choya hubadilika asidi inapopungua. Baadhi ya shule huitumia kupimia asidi badala ya karatasi ya litimasi. Lakini uso ulioganda ni ukuta.

Wengine hudhani matabaka hukaa mbalimbali kwa sababu ya uzito, kama mafuta juu ya maji. Sivyo. Vinywaji vyetu vitatu havitofautiani sana kwa uzito, na vyote hukubali kuchanganyika. Kinachovitenga ni baridi na subira tu.

Fanya vivyo hivyo kwa embe juu ya maziwa. Tabaka jekundu litakuwa na kimo kama sentimita 3 na nusu, jeupe karibu 6, na la manjano 4. Nafasi ya vidole viwili sasa itajieleza yenyewe: maji yakiganda huongezeka ujazo kwa kadiri ya sehemu 9 kwa 100, na chakula hupanda. Bibi hakusoma fizikia, lakini vidole vyake vilijua.

Funga kopo, ongeza barafu na chumvi, funika ndoo kwa gunia, acha saa mbili. Maji ya chumvi yakikaribia kifuniko, yapunguze. Yasimwagwe bustanini, maana chumvi huua mimea.

Wenye jokofu la kugandisha, ambalo kwa kawaida hukaa kama digrii 18 chini ya sufuri, wafuate utaratibu ule ule pasipo ndoo, wakikoroga kila nusu saa. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe.

Wakati wa kuandaa, chovya kopo katika maji ya baridi ukihesabu mpaka kumi, pangusa, funika kwa sahani, pindua. Nyekundu iliyotiwa kwanza sasa iko juu. Kisu kichovywe katika maji ya moto na kupanguswa kila ukatapo, la sivyo kitaipaka rangi moja juu ya nyingine.

TULIPOMWACHA BIBI

Karatasi ya Bibi inasema viini vitiwe vibichi katika maziwa yaliyopoa. Hapo sisi hatukumfuata, na yafaa tuseme wazi kwa nini. Mayai mabichi huweza kuwa na vijidudu vya salmonela, ambavyo huleta homa na kuhara. Maziwa mabichi nayo huweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na vya bruselosi kutoka kwa ng'ombe. Baridi ya barafu huvilaza tu. Aiskrimu ikiyeyuka mdomoni, navyo huamka. Moto ndio unaoviua, na ndiyo sababu tumepika viini pamoja na maziwa.

Aliposomewa mabadiliko haya, Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ladha itabaki. Tulimpelekea kipande. Alisema imekuwa laini kuliko yake, akaomba kipande cha pili. Yai lililopikwa polepole huyafanya maziwa kuwa mazito, kwa hiyo hapana kilichopungua.

Tumejifunza kwamba katika mapishi ya wazee mna mambo ya namna mbili. Mengine ni sheria, kama vile uwiano wa sukari, nafasi ya vidole viwili, na kungoja uso ukauke. Ukiyavunja, chakula huvunjika. Mengine ni desturi tu, na maarifa mapya yakija, desturi yaweza kupisha bila heshima ya mwenyewe kupungua.

Sheria nyingine tatu za siha: barafu ya ndoo isitiwe katika chakula wala kinywaji, kwa kuwa hatujui ilitengenezwa kwa maji gani. Aiskrimu iliyoyeyuka isigandishwe tena, maana vijidudu vilikwisha kupata nafasi ya kuzaana. Na vidole vitupu visikae katika maji ya chumvi ya ndoo, maana baridi ile huunguza ngozi kama moto.

MWANAFUNZI WA MAGAMBA

Hatuwezi kufunga somo la aiskrimu bila kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, hungoja yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa chache. Mwenzake aliweka maziwa yasiyochemshwa; Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu aliyakuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake bado.

Aliuliza, akaambiwa haiwezekani. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akamwuliza mbele ya wote: maji ya digrii 35 na ya digrii 100 yakiwekwa pamoja katika jokofu, kwa nini yale ya 100 hutangulia kuganda? Osborne hakucheka. Aliahidi kwamba atajaribu, akajaribu, na mwaka 1969 wote wawili waliandika makala katika jarida la Physics Education la Uingereza. Leo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Wataalamu hawajaacha kubishana. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha majaribio yao, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Mengi hutegemea chombo, mahali pa kipima joto, na maana ya neno "kuganda". Lakini ubishi huo wenyewe ni heshima kwa kijana aliyeangalia kopo lake la aiskrimu na kukataa kunyamaza. Kwa matabaka yetu lakini, tusitie kitu cha moto. Kitayeyusha ukuta tulioujenga.

KAZI YA LIKIZO

Wenzetu, katika nyumba nyingi mna mapishi yaliyopimwa kwa vyombo visivyo na namba: kikombe cha mama mkubwa, kata ya babu, konzi ya shangazi. Chombo kikivunjika au mwenyewe akifariki, kipimo hufa pamoja naye. Likizo hii kila mmoja wetu achukue rula, mizani na daftari, akae na mzee mmoja wa nyumbani au rafiki wa nyumba, aandike pishi moja kwa gramu na mililita. Aulize pia "kwa nini" kwa kila hatua, kwa adabu. Maandishi hayo yaletwe kwa Katibu wa Chama wiki ya kwanza ya muhula.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kikombe cha Bibi kingekuwa cha mililita 200, kopo lingejaa mpaka kimo gani?

2. Tafuta kiwango cha kuganda cha maji kilo 1 yaliyotiwa sukari gramu 171, kisha cha maji kilo 1 yaliyotiwa chumvi gramu 58.5. Eleza tofauti.

3. Kilo 2 za maji ya digrii 25 zahitaji kuondolewa kilojuli ngapi ili ziwe barafu ya digrii 0? Ni kilo ngapi za barafu inayoyeyuka ziwezazo kupokea joto hilo?

4. Kwa nini ndoo ya plastiki iliyofunikwa gunia yafaa kuliko ndoo ya bati, hali kopo la chakula lapasa kuwa la bati?

5. Mtu amekata aiskrimu yake, matabaka yakateleza. Mwingine amekuta madoa meupe katika wekundu. Kila mmoja alikosea wapi?

6. Panga jaribio la kuhakikisha alichokiona Mpemba. Taja vitu vyote ambavyo lazima viwe sawa katika makopo yote mawili, na useme utajuaje kwamba maji "yameganda".